Kuhamisha ankara kutoka karatasi kwenda simu: mwongozo kamili kwa biashara za Tanga

Karatasi ya A4 ya gramu 80, ile ya kawaida kwenye kila printa, ina uzito wa gramu 5. Rimu ya karatasi 500 ni kilo 2.5. Kutengeneza kilo moja ya karatasi mpya ya ofisini hutoa takriban kilo moja ya hewa ya ukaa, ikitegemea kiwanda na aina ya nishati inayotumika. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3. Kwa hiyo ukitaka kipimo cha haraka ambacho hakihitaji kikokotoo: rimu moja ni sawa na lita moja ya petroli, ukizidisha kidogo.

Kipimo hicho ndicho kinachoongoza mwongozo huu, kwa sababu watu wengi wanapoambiwa ankara za kielektroniki zinaokoa mazingira huwaza miti tu. Miti ni sehemu ya hesabu, na mara nyingi si sehemu kubwa. Kubwa ni nakala zisizo na kazi na pikipiki inayopeleka bahasha.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi la Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba. Linatoa ankara 20 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: ankara 520. Kila ankara ina nakala tatu, moja ya mteja, moja ya mhasibu, moja ya faili. Hizo ni karatasi 1,560. Kila mzigo una hati ya kupokelea yenye nakala mbili, karatasi 1,040 nyingine. Jumla 2,600, yaani rimu tano na kidogo, kilo 13. Sasa ongeza bodaboda anayekwenda Pongwe mara nne kwa wiki kupeleka ankara na kufuata saini. Kilomita 25 kwenda na kurudi, safari 16 kwa mwezi, ni kilomita 400. Pikipiki ya cc 125 hula kama lita 2.5 kwa kilomita 100, kwa hiyo lita 10, na hewa ya ukaa kilo 23. Karatasi zote za mwezi zilitoa kilo 13. Mwenye duka akiacha kuchapa lakini bodaboda akaendelea kwenda kuchukua saini, amepunguza ile sehemu ndogo.

Bahasha inayopanda basi kwenda Dar es Salaam ni habari nyingine. Basi lingekwenda hata bila bahasha yako, kwa hiyo usijihesabie akiba hapo. Hesabu ile safari ya kuipeleka stendi ya Kange na ile ya kuifuata upande wa pili.

Wiki ya kwanza: hesabu kabla ya kugusa chochote

Chukua daftari, lifunge kwa uzi kwenye meza ya printa. Kila anayechapa aandike: hati gani, nakala ngapi, na ngapi ziliharibika. Hilo la mwisho watu husahau, na Tanga lina uzito wake. Unyevu wa baharini huingia kwenye karatasi. Rimu iliyoachwa wazi kipindi cha masika hujikunja kingo, printa inavuta karatasi mbili kwa pamoja au inanasa, na ankara inachapwa upya. Wakati unaendelea kutumia karatasi, fungua rimu moja kwa wakati na nyingine ziache kwenye vifungashio vyake, juu ya rafu, si sakafuni.

Daftari la pili ni la safari: nani alikwenda wapi, kupeleka karatasi gani, na je, angekwenda hata kama karatasi hiyo isingekuwepo? Dereva anayepeleka saruji na kubeba ankara mfukoni hajafanya safari ya ankara. Usimuandike.

Mwisho wa wiki utakuwa na namba mbili, karatasi na kilomita. Ziandike ukutani. Bila hizo, baada ya miezi mitatu kila mtu atasema "tumepunguza sana" na hakuna atakayejua ni kiasi gani.

Jua ankara ni ipi na risiti ni ipi

Hapa ndipo biashara nyingi zinapojichanganya. Ankara unayoitengeneza mwenyewe na kuituma kama PDF ni dai la malipo. Haichukui nafasi ya risiti ya kodi. Risiti ya kodi inatoka kwenye mashine ya kielektroniki ya risiti (EFD) au kwenye mfumo wa programu (VFD) ulioidhinishwa na Mamlaka ya Mapato (TRA). Ukituma PDF nzuri yenye nembo na ukaacha kutoa risiti, umevunja sheria, na kusema ulikuwa unatunza mazingira hakutakusaidia.

Kwa upande wa taka, tofauti ya EFD na VFD ni kubwa. EFD ya kawaida huchapa kwenye karatasi ya joto, ile nyeupe laini inayoingia nyeusi ukiisugua kwa kucha. VFD ni programu. Risiti inatengenezwa ikiwa ya kielektroniki na unaweza kuituma kwenye simu au barua pepe ya mteja, ikiwa na msimbo wa QR na namba ya uhakiki ambayo mteja anaiangalia kwenye tovuti ya TRA. Kama unauza kwa makampuni zaidi ya wapita njia, nenda ofisi ya TRA ya mkoa ukaulize kuhusu VFD na watoa huduma walioidhinishwa kabla hujanunua programu yoyote ya ankara. Ukianza na programu kisha ukagundua haiunganishwi na VFD, utakuwa unaandika kila mauzo mara mbili.

Karatasi ya joto inastahili maneno machache zaidi. Rangi yake haitoki kwenye wino. Kemikali iliyopakwa juu ya karatasi ndiyo inayobadilika rangi ikipata joto, na kwa miaka mingi mojawapo ilikuwa BPA, kemikali inayoingilia homoni za mwili. Umoja wa Ulaya uliwekea BPA ukomo wa asilimia 0.02 ya uzito wa karatasi hizo kuanzia Januari 2020, na viwanda vingi vikahamia BPS, ambayo ni ndugu yake na haina sifa nzuri zaidi. Karatasi hii haifai kuchanganywa na karatasi za kurejelezwa, kwa kuwa kemikali inahamia kwenye karatasi mpya. Na kwa joto la gari lililoegeshwa juani Raskazone, maandishi yanapotea hata kabla ya mwaka wa hesabu kuisha.

Safisha orodha ya wateja

Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato. Kwa kila mteja wa mkopo andika jina kamili la biashara kama lilivyo kwenye cheti cha TIN (namba ya mlipakodi), namba yenyewe ya TIN, VRN (namba ya usajili wa VAT) kama amesajiliwa VAT, barua pepe ya mhasibu, na namba ya WhatsApp ya mtu anayeidhinisha malipo. Mtu wa stoo anayepokea mzigo si yule anayelipa. Ankara ikienda kwa wa stoo, itakaa kwenye simu yake katikati ya picha za harusi, na mwezi ukiisha utaambiwa haijafika.

TIN ikikosewa tarakimu moja, mteja aliyesajiliwa VAT hawezi kuitumia risiti kudai kodi yake ya manunuzi. Atarudi, utalazimika kurekebisha na kutoa nyingine, na kwa kawaida hapo ndipo mtu husema "afadhali karatasi". Muombe kila mteja picha ya cheti chake cha TIN mara moja tu, iweke kwenye folda yake.

Tengeneza ankara inayosomeka kwenye simu

Kama biashara yako inatoa ankara chini ya 100 kwa mwezi, jedwali la kawaida la kompyuta lenye kiolezo kimoja linatosha. Zaidi ya hapo tafuta programu ya hesabu. Usinunue laptopu mpya kwa ajili hii kama iliyopo inawaka. Kutengeneza laptopu moja hutoa kati ya kilo 200 na 300 za hewa ya ukaa, na simu janja kati ya 50 na 80. Lile duka la Ngamiani linaokoa kilo 36 kwa mwezi likiacha karatasi na safari zote. Laptopu mpya ingemeza akiba ya miezi saba. Likiacha karatasi tu, ingemeza mwaka mmoja na nusu. Kifaa kilichopo, hata kama ni cha zamani, ndicho bora kwa mazingira hadi kife chenyewe.

Kwenye ankara weka neno ANKARA juu, namba inayofuatana bila kuruka, tarehe, jina na TIN yako, VRN kama unayo, jina na TIN ya mteja, maelezo ya bidhaa, kiasi, bei, VAT kwa kiwango kinachohusika, jumla, tarehe ya mwisho ya kulipa, na namba ya kulipia: akaunti ya benki au lipa namba. Maandishi yawe meusi kwenye nyeupe. Zile ankara zenye ukanda wa bluu kutoka kingo hadi kingo zinapendeza, lakini mteja mmoja akiamua kuichapa inamaliza tona.

Nembo ndiyo inayoharibu uzito wa faili. Nembo iliyopigwa picha kwa simu na kubandikwa hivyo hivyo inafanya PDF iwe na megabaiti 2 au 3. Ipunguze hadi upana wa pikseli 400 na faili zima litashuka chini ya kilobaiti 100. Ankara 520 za kilobaiti 60 ni megabaiti 31 kwa mwezi. Kwa miaka mitano hazifiki gigabaiti 2, zinaingia kwenye flashi ndogo kabisa. Ankara hizo hizo zikiwa picha za megabaiti 3 kila moja zinafika gigabaiti 94. Hapo utanunua diski, utalipia hifadhi ya mtandaoni, na mteja wako wa Mkinga atalipia bando kufungua kila moja.

Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha namba ya ankara, kisha mteja. Mpangilio huo kompyuta inaupanga yenyewe. "Ankara mpya mpya 2" haipatikani tena.

Kutuma, na suala la muhuri

Tuma PDF kama hati, usitume skrinishoti wala picha ya karatasi. Kuchapa, kupiga picha na kutuma picha ni kutumia karatasi na data kwa pamoja, na bado tunaliona kila mahali. Ujumbe uwe mfupi na uombe jibu:

"Habari za kazi. Naambatisha ankara namba 0412, mifuko 60 ya saruji, jumla sh. 960,000 VAT ikiwemo. Mwisho wa malipo ni tarehe 30. Tafadhali nijibu ukiipata. Si lazima kuichapa, inahifadhika hivi hivi."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye faida kwa mazingira. Ankara inayotumwa kwa barua pepe kisha ikachapwa kwa mteja nakala mbili haijaokoa karatasi, imehamisha gharama ya tona tu. Waulize wateja wako wakubwa watano, kwa adabu, kama wanachapa na kwa nini.

Jibu utakalolipata mara nyingi ni moja: "Kaka, bosi anataka muhuri." Hili usilidharau. Muhuri kwetu ndio uthibitisho kwamba mtu amewajibika. Lijibu kwa hatua tatu. Kwanza, eleza kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu na saini za kielektroniki. Pili, waonyeshe jinsi ya kuhakiki risiti ya VFD kwa QR, mbele yao, kwa simu yao. Muhuri wa mpira unachongwa kwa siku moja na fundi yeyote. Namba ya uhakiki inajibiwa na TRA yenyewe. Tatu, waandikie barua moja ya karatasi, yenye muhuri, inayosema kuanzia tarehe fulani ankara zote zitatoka kwenye barua pepe hii na namba hii. Karatasi hiyo moja wataiweka kwenye faili na wataridhika. Wachache wataendelea kukataa; wape nakala moja iliyochapwa pande mbili na endelea na wengine.

Hati ya kupokelea mzigo ni ngumu kidogo. Dereva akisimamishwa barabara ya Segera anatakiwa awe na cha kuonyesha, na si kila mkaguzi atakubali kusoma simu yenye kioo kilichopasuka. Ushauri wetu ni nakala moja badala ya mbili au tatu: inakwenda na mzigo, mpokeaji anasaini, dereva anaipiga picha papo hapo na kuituma ofisini, kisha inabaki kwa mpokeaji. Picha ipigwe kwa mwanga wa mchana, karatasi ikiwa bapa, saini na jina vikionekana. Kwa njia hii bodaboda wa Pongwe hana tena sababu ya kwenda.

Jambo moja la usalama. Wezi huingia kwenye barua pepe, hunakili ankara yako na kubadilisha namba ya akaunti. Kwenye ile barua ya muhuri andika kwamba hutabadilisha akaunti kwa ujumbe, na kwamba wakipata badiliko lolote wapige simu kwenye namba wanayoijua, si ile iliyoandikwa kwenye ankara ya kutiliwa shaka.

Ukikosea, usifute

Ankara iliyokwishatoka haifutwi na namba yake hairudiwi. Toa hati ya kupunguza deni inayotaja namba ya ankara ya kwanza, kisha ankara mpya. Kwa upande wa risiti ya kodi fuata utaratibu wa TRA wa kurekebisha. Kwenye karatasi mtu alichana ukurasa na mambo yakaisha. Kwenye mfumo pengo la namba linaonekana hadi siku ya ukaguzi.

Kuhifadhi miaka mitano

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano. Weka nakala tatu: kwenye kompyuta ya kazi, kwenye diski ya nje inayokaa nyumbani na si kwenye droo ile ile ya ofisi, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila mwisho wa mwezi fungua faili tatu bila kuchagua kutoka kwenye diski ya nje kuhakikisha zinafunguka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa si nakala.

Risiti za joto unazopokea kwa manunuzi zipige picha siku hiyo hiyo, kabla hazijafifia. Simu na kompyuta ziwe na nywila, kwani ndani mna majina, namba za simu na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuwajibisha kwa hayo.

Umeme ukikatika, VFD kwenye simu yenye chaji na bando inaendelea. Hakikisha tu watu wawili wanajua nywila. Ofisi yenye mtu mmoja anayejua kila kitu inarudi kwenye kitabu cha karbon siku anapokwenda msibani.

Tarehe ya kukata

Anza na wateja watano kwa wiki mbili. Rekebisha yatakayojitokeza, kisha weka tarehe moja ambapo wote wanahama. Usiendeshe karatasi na PDF kwa pamoja kwa miezi. Hilo ndilo kosa la gharama zaidi, kwani unabeba kazi mbili na taka haipungui. Siku hiyo weka printa kwenye mpangilio wa pande mbili na uihamishe kutoka mezani kwa mtoa ankara, mahali ambapo lazima asimame na kutembea. Wiki nne baadaye rudia yale madaftari mawili kwa wiki nzima na ulinganishe na namba za ukutani. Kama karatasi zimepungua lakini kilomita ziko pale pale, tafuta ni saini gani bado inafuatwa kwa pikipiki.

Yaliyobaki: makaratasi ya zamani, katriji na mashine

Faili zilizotimiza miaka mitano na hazina kesi wala ukaguzi zinaweza kutoka. Zisichomwe nyuma ya duka. Tenganisha mafungu mawili: karatasi za kawaida, na zile za joto. Za kawaida zichanwe vipande kwanza, kisha wape wanaokusanya karatasi. Za joto ziende kwenye taka zikiwa zimefungwa.

Na kwa vyovyote zisiishie sokoni kufungia karanga na mihogo ya kukaanga. Ukinunua karanga Mgandini, kunjua kile kifungashio usome: mara nyingine ni orodha ya bei, mara nyingine ni ankara yenye jina la mteja na deni lake. Mafuta ya moto yanavuta wino na kemikali za karatasi kwenda kwenye chakula, na siri za mteja wako zinaliwa pamoja.

Katriji za tona zirudishe kwa fundi anayezijaza upya. Ikikwisha kabisa ifunge kwenye mfuko, kwani unga wake ukipasuka unaingia kwenye mapafu. EFD ya zamani usiitupe wala kuiuza kabla hujafuata utaratibu wa TRA wa kuisitisha, maana kumbukumbu ya mauzo yako bado imo ndani. Simu na betri zilizokufa zisichanganywe na taka za jikoni, na asipewe mtu atakayechoma nyaya kutafuta shaba.